Daktari akisema "mrudisheni nyumbani", kazi ya nesi ndiyo kwanza inaanza

NesiWaPemba (mwenye uzi)

Assalaam alaykum wanabaraza.

Mimi ni muuguzi, nafanya kazi Pemba, wodini na majumbani kwa watu. Nataka tuzungumze jambo ambalo kwetu halizungumzwi mpaka limfike mtu mlangoni.

Mgonjwa wa saratani katoka Micheweni au Kengeja, kapelekwa Unguja, kavushwa mpaka Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, kapigwa mionzi, kapewa dawa. Siku moja daktari anawaita ndugu pembeni: ugonjwa umeshaenea, mrudisheni nyumbani mkamtunze. Wanapanda boti mpaka bandari ya Mkoani, na njia nzima kila mmoja ana neno moja kichwani, kwamba hakuna tena la kufanya.

Neno hilo silikubali. La kufanya lipo, tena jingi, ila limetoka mkononi mwa daktari wa upasuaji na kuingia mkononi mwa nesi na mwenu nyinyi wenye mgonjwa. Maumivu yanatulizwa. Kutapika kunazuilika. Kidonda kinachonuka kinaweza kuondolewa harufu hata kama hakitapona: kinaoshwa kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa, na daktari akiruhusu kinanyunyiziwa vidonge vya metronidazo vilivyosagwa, na baada ya siku chache mgonjwa aliyekuwa anajificha chumba cha nyuma anakubali kukaa ukumbini na wajukuu. Mtu hajapona, lakini amerudi kwa watu wake. Hiyo ni tiba.

Huduma hii inaitwa tiba shufaa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka watu milioni 56.8 wanaihitaji, na wanaoipata ni kama asilimia 14 tu. Wengi wa wanaoikosa wako nchi kama zetu.

Mwingereza Cicely Saunders, aliyefungua St Christopher's Hospice kule London mwaka 1967, alianza kazi akiwa nesi, baadaye ndipo akasomea udaktari. Yeye ndiye aliyesisitiza kwamba maumivu ya mgonjwa wa aina hii hayako mwilini tu: yamo moyoni, yamo kwenye mambo ya nyumba na watoto, yamo na kwenye imani yake. Nimeliona hili kwa macho. Mzee anapewa dawa na bado halali. Ukikaa naye, usisimame, ukakaa, unakuta kinachomnyima usingizi ni mikarafuu aliyoiweka rahani na hajui nani ataikomboa. Hapo sindano haifanyi kitu. Anahitaji mtu wa kumwitia mwanawe mkubwa.

Naomba mchangie. Mwenye swali la mgonjwa aliyenaye sasa hivi, aulize.

BintiWaWete

Waalaykum salaam Bi Nesi. Allah akulipe kheri.

Mamangu ana saratani ya titi, imeshafika kwenye mifupa. Tumerudi naye na chupa ya mofini ya maji, dawa ya maumivu makali. Ami yangu, ambaye ndiye mkubwa wa nyumba, amekataa asipewe. Anasema hiyo na unga wa kulevya ni ndugu, kwamba tutamfanya mama teja katika siku zake za mwisho, na kwamba mtu akianza hiyo dawa ndiyo anaagwa. Mama analia usiku na mimi ndiye ninayelala naye. Nimwambie nini ami bila ya kumvunjia heshima?

NesiWaPemba

Pole sana mwanangu. Ami yako ana sababu ya kuogopa. Unga umekula vijana Unguja na Pemba, kila mtaa una mama anayelilia mwanawe, kwa hiyo mtu mzima akisikia mofini moyo unamruka. Usibishane naye. Mwambie mambo haya kwa upole, au mwombe aje na wewe hospitali nimweleze mimi au nesi mwenzangu.

Teja anatafuta dawa ili alewe. Mama anapewa kipimo kidogo, kwa saa maalumu, ili maumivu yatoke, na anachopata ni kuweza kukaa, kuzungumza na kusali. Mgonjwa mwenye maumivu makali ya saratani anayepewa kwa utaratibu ni nadra sana kuingia kwenye uteja. Mwili unaweza kuizoea, ndiyo maana haikatwi ghafla, hupunguzwa kidogo kidogo daktari akitaka kuiacha. Na haiwi dawa ya kuagwa. Kuna wanaoitumia miezi na miezi, na ikipimwa vizuri haimharakishi mtu kufa.

Sasa namna ya kuitumia. Mofini ya maji hukaa mwilini kama saa nne, basi hutolewa kila saa nne. Usingoje mama alie ndipo umpe, mpe saa ikifika, kwa sababu maumivu yakishapanda kuyashusha ni kazi kubwa zaidi. Dozi ya kulalia mwulize daktari, mara nyingi huipanga ili mgonjwa asiamshwe usiku wa manane. Pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano, usipime kwa kijiko cha chai, maana vijiko havilingani.

Siku mbili tatu za mwanzo atasinzia. Baadhi ya usingizi huo ni deni la siku alizokosa kulala. Kichefuchefu kikimjia kwa kawaida kinaondoka baada ya siku chache, na kuna dawa yake. Kisichoondoka ni kufunga choo. Mgonjwa wa mofini apewe dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza. Nimeona familia zimeiacha mofini kwa sababu ya tumbo kujaa, si kwa sababu ya uteja.

Ukiona haamshiki, au anavuta pumzi chache sana, usimpe dozi inayofuata, piga simu hospitali papo hapo. Chupa ifungiwe, mtoto asiifikie wala mgeni asiijue.

Na uwe na daftari. Andika saa, kipimo, na maumivu. Mwambie mama akuonyeshe kwa vidole vya mkono: ngumi maana yake hakuna maumivu, vidole vitano maana yake hayavumiliki. Nesi akija akaona daftari hilo anaweza kumshauri daktari kuongeza au kupunguza, badala ya kubahatisha.

MdauDar

Naongezea hapo kwenye mofini. Uganda walituacha mbali. Daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, wakawa wanachanganya mofini ya unga na maji, dawa rahisi ambayo maskini anaipata. Mwaka 2004 sheria yao ikaruhusu wauguzi na matabibu waliosomea tiba shufaa kuandika mofini wenyewe. Nesi anafika kijijini, anampima mgonjwa, anaandika dawa, hakuna kumngoja daktari wa mjini.

NesiWaPemba

Nilitamani mtu aitaje. Pemba ina zaidi ya watu laki tano kwa sensa ya 2022, na madaktari bingwa hawawezi kufika kila kijiji. Anayefika ni nesi, kwa pikipiki au kwa miguu. Ningependa siku moja kila wilaya yetu iwe na muuguzi aliyesomea kazi hii hasa, mwenye dawa mkobani na mamlaka ya kuitumia.

Mkarafuu

Nesi, nakuheshimu, lakini kuna jambo nyinyi wa hospitali mnatukosea. Kaka yangu amelazwa sasa hivi, ini limeharibika. Sisi ndugu tumekubaliana asiambiwe. Mtu akiambiwa unakufa, anakufa siku hiyo hiyo, moyo unakatika. Kwetu mgonjwa hupewa tamaa. Halafu namsikia nesi mmoja anamuuliza eti "una wasiwasi gani na ugonjwa wako?" Anataka nini? Ajali ya Mungu, yaani saa ya kufa, haijui mtu. Nani kampa nesi kazi ya kutangaza kifo?

NesiWaPemba

Ndugu yangu Mkarafuu, Mungu amshushie kaka yako wepesi. Hapa nitaandika kwa urefu, kwa sababu hili ndilo linalotuumiza sisi manesi kuliko mizigo yote ya wodi.

Hakuna nesi mwenye ruhusa ya kumwendea mgonjwa na kumwambia unakufa. Kueleza ugonjwa na hatua yake ni kazi ya daktari, sisi tunakuwepo pale anapoelezwa na tunabaki baada ya yeye kuondoka. Wala hakuna aijuaye ajali, wewe umesema kweli. Daktari anajua ugonjwa ulipofika, siku haijui.

Lakini nikueleze kinachotokea saa nane za usiku, nyinyi mmerudi nyumbani. Mgonjwa ananiita. Hataki maji, hataki dawa. Ananiambia, "Mwanangu, hivi mimi nitapona?" Anakuwa ameshaona. Anaona nguo zinampwaya, anaona ndugu waliokuwa hawasemezani wanakuja pamoja, anaona mnanyamaza akiingia mtu. Ameshajua, na yuko peke yake na hilo analolijua, kwa sababu kila anayemjia mchana anamwambia "utapona tu".

Simwambii unakufa. Nami siwezi kumdanganya. Namuuliza, "Mzee, wewe mwenyewe mwili wako unauonaje?" Mara nyingi hiyo inatosha. Anasema mwenyewe. Kisha namuuliza kama anataka kujua zaidi au anataka tuache hapo. Kuna wanaosema, "Tuache, mambo yote mzungumze na mwanangu." Hao tunawaheshimu. Kutaka kutojua nayo ni haki yake, ila iwe haki yake yeye, isiwe ya shemeji yake.

Ninachowaomba ndugu: msiniapishe nimdanganye. Niachieni nafasi ya kumsikiliza. Na tamaa haiondoki. Inabadilika tu: leo anatamani kupona, kesho anatamani mwanawe wa Muscat afike, kesho kutwa anatamani alale usiku mmoja bila ya maumivu. Hizo tamaa ndogo tunaweza kuzitimiza, tukizijua.

UstadhWaNgambo

Assalaam alaykum. Naingia kwenye hoja ya Mkarafuu kwa upande wa dini.

Mtume, rehema na amani zimshukie, amefundisha kwamba Muislamu mwenye kitu cha kuusia asilale siku mbili ila wasia wake uwe umeandikwa. Hilo limesemwa kwa mzima, sembuse mgonjwa. Akifichwa mpaka akili ikapotea, nani atatuambia deni lake liko kwa nani, amana ya fulani iko wapi, yule mke aliyemwacha anamdai nini? Wasia una mipaka, hauzidi thuluthi na haumhusu mrithi, lakini deni halina thuluthi, deni hutangulia kabla ya mirathi. Nimekaa kwenye suluhu nyingi za mirathi, na ugomvi mwingi unatokana na mtu aliyeondoka bila ya kupewa nafasi ya kusema.

Na kuombana radhi. Mgonjwa anayejua hali yake huwaita watu, akawaambia nisameheni. Tukimficha tunamnyima mlango huo.

Dawa ya kutuliza maumivu aliyoandika tabibu kwa haja haina ubaya, wala maumivu si ibada ya kutafutwa. Awezaye kusali kwa kuketi asali kwa kuketi, asiyeweza asali kwa ubavu, maji yakimdhuru atayamamu. Nimemwona nesi akimletea mgonjwa bakuli la mchanga safi ili atayamamu kitandani, na akamgeuzia kitanda kuelekea kibla. Nilimwombea dua na bado namwombea.

MwanaMakunduchi

Yote mazuri haya, lakini tusiseme kana kwamba manesi wote ni kama mwenye uzi. Mimi nilimuuguza bibi yangu hospitali moja (siitaji) na nesi wa zamu ya usiku alitufokea kila tulipomwita. Bibi amejikojolea, tunaambiwa "mbadilisheni nyinyi, kwani hamna mikono?" Bibi alikuwa mtu wa stara maisha yake yote. Akavuliwa nguo mbele ya watu bila ya pazia. Hilo silisahau.

NesiWaPemba

Dada au kaka, sina cha kumtetea aliyefanya hivyo. Stara ya mgonjwa ni sehemu ya tiba. Kumwosha mama mtu mzima kuna adabu zake: pazia, kanga juu yake muda wote, unafunua sehemu unayoosha tu kisha unaifunika, na mwanamke aoshwe na mwanamke anapopatikana. Unamwambia kabla hujamgusa, "Bibi, sasa nakuosha mgongo." Hata kama hasemi. Hata kama unadhani hasikii.

Ukikutana na jambo kama hilo, nendeni kwa mkuu wa wodi asubuhi yake, msingoje mgonjwa aondoke. Na mlalamike bila ya woga, maana mgonjwa wa kitanda cha pili naye atanufaika.

Lipo na la upande wetu ambalo lazima lisemwe. Zamu ya usiku nesi anaweza kuwa peke yake na wodi nzima, kuna dripu, kuna anayetapika damu, kuna mtoto wa mtu anakata roho kitanda cha mwisho. Asubuhi anakwenda nyumbani, hakuna aliyemuuliza umeonaje usiku wako. Baada ya miaka, mwengine anakuwa mkavu. Nataka hospitali zetu ziwe na utaratibu wa manesi kukaa pamoja baada ya kifo, hata kidogo tu, watoe yaliyomo moyoni. Anayetunzwa hutunza.

MwanachuoMbweni

Shikamoo dada mkubwa. Nasomea uuguzi. Nilipopelekwa wodini kwa mafunzo, kulikuwa na mgonjwa wa mwisho na wote tulikuwa tunapita mbele ya chumba chake haraka haraka. Tulikuwa hatujui tukiingia tuseme nini. Unaingia unasema nini?

NesiWaPemba

Marahaba mdogo wangu. Vuta kiti. Kiti kinasema mengi, mgonjwa anajua huna haraka. Mwite kwa jina analoitwa nyumbani, Bi fulani au Mzee fulani, usimwite "kitanda namba saba". Uliza swali moja: "Leo kinachokusumbua zaidi ni kipi?" Kisha nyamaza, usijaze kimya kwa maneno. Akilia, mwache alie. Hutakiwi kuwa na jibu.

Na angalia yule anayemuuguza pia. Binti aliyekaa kitandani kwa mama tangu wiki iliyopita hajala. Mwambie nenda kaoge, mimi niko hapa.

BintiWaWete

Bi Nesi nimerudi. Ami alikubali baada ya kuzungumza na nesi wa hospitali yetu, alimweleza kama ulivyoeleza, na mama amelala usiku. Alhamdulillah.

Sasa hali imebadilika. Tangu juzi hali chakula. Anasinzia muda mwingi, miguu ya baridi. Shangazi anamfungua mdomo kwa kijiko amtie uji, anasema tutamuua kwa njaa. Majirani wameleta kombe, maji yaliyooshewa aya za Kurani. Pumzi yake ina mkoromo. Nimpeleke akatiwe dripu?

NesiWaPemba

Mwanangu, soma taratibu, na mpigie nesi wenu leo hii aje amwone, kwa sababu mimi simwoni.

Dalili unazozitaja, kuacha kula, kusinzia, miguu kupoa, ni za mwili unaofunga kazi zake. Mama haondoki kwa sababu hali chakula. Hali kwa sababu mwili hauhitaji tena chakula. Shangazi anafanya kwa mapenzi, mwelezeni kwa upole kwamba anayesinzia hawezi kumeza vizuri, uji unaingia njia ya hewa na utampalia. Mpeni shangazi kazi nyengine ya mapenzi: achukue pamba au kitambaa laini, akichovye kwenye maji safi, aulowanishe mdomo na ulimi kila baada ya muda mfupi, na midomo aipake mafuta kidogo. Kinywa kikavu ndicho kinachomtesa kuliko njaa. Kombe likiwa limeletwa, mloweshe nalo midomo, msimnyweshe.

Dripu katika hali hii mara nyingi haimsaidii, maji yanaweza kujaa mapafuni na mkoromo ukazidi. Mkoromo ni mate ambayo hana nguvu ya kuyakohoa, unatutisha sisi kuliko unavyomtesa yeye. Mlazeni ubavu, kichwa kimeinuka kidogo. Kama hautulii, kuna sindano ya kuyapunguza, nesi atazungumza na daktari. Mgeuzeni kila baada ya saa mbili, kama kumgeuza hakumuumizi, ili mgongo usichubuke. Mofini msiikate kwa sababu amelala. Nesi atawaambia namna ya kumpa kidogo kidogo shavuni ikiwa hawezi kumeza.

Pumzi inaweza kwenda ikasimama kidogo kisha ikarudi. Msimtikise. Zungumzeni naye, kwani kusikia kunadhaniwa kubaki mpaka mwisho. Wasigombane watu chumbani humo.

UstadhWaNgambo

Na shahada mlakinieni, yaani mtamkieni aifuate, kwa sauti ya chini, mtu mmoja, karibu na sikio. Akishaitamka msimrudierudie, ila akisema neno jengine baada yake. Msimzonge. Nesi aliyepo asiyekuwa Muislamu, na wapo wema kutoka bara, akiona hali inafika awaite ndugu tu, hiyo ni fadhila kubwa kwake.

BintiWaWete

Nesi amefika. Amemlaza ubavu na mkoromo umepungua. Shangazi yuko na pamba yake. Mungu awalipe.

Mkarafuu

Nimesoma yote. Kaka anaruhusiwa kesho. La kumwambia bado tunazungumza nyumbani, sitaki kusema tumekubaliana. Lakini nesi, kabla hatujamtoa wodini niulize nini?

NesiWaPemba

Uliza maumivu yakija apewe nini, kila saa ngapi, na yakizidi usiku apewe nini cha ziada. Uliza dawa ipi kati ya hizo anazotumia inaweza kuachwa, maana nyengine hazina faida tena na zinamlemea tu. Kwa kuwa ni ini, uliza dawa zipi za dukani asipewe kabisa, hata paracetamol mwulize daktari kipimo chake. Uliza tumbo likijaa maji arudishwe au la. Omba nesi akuonyeshe kumgeuza na kumwosha, ufanye wewe mwenyewe mbele yake huku yeye anakuangalia. Omba namba ya wodi, na uulize kituo cha afya cha karibu nanyi kimearifiwa. Mhudumu wa afya wa jamii wa shehia yenu naye ajue.

Mkarafuu

Nimenakili. Naanza na la maumivu. Na yule nesi aliyemuuliza kaka ana wasiwasi gani, nitamtafuta kabla hatujaondoka, nimsikie kaka alimjibu nini, kama kaka mwenyewe atakuwa radhi niambiwe.